Kabla ya Kupiga Windows

Kompyuta ya nyumbani kwetu, Ngamiani, Tanga, haina mwenyewe. Aliyeinunua ni baba watoto, ikiwa imeshatumika maofisini huko Ulaya kabla ya kufika Kariakoo, lakini kila aliyewahi kuishi katika nyumba hii ameacha chake ndani. Mna matokeo ya mitihani ya watoto, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, barua za serikali ya mtaa, hesabu za kikoba cha mama mkwe, na picha za harusi za ndugu wa pande zote mbili. Mna pia kanda za Babu, na hizo ndizo zilizoifanya kazi iliyotarajiwa kwisha jioni moja iwe shughuli ya ukoo mzima.

Babu, yaani baba mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa redio-kaseti. Kabla simu hazijaenea, ndugu wa Tanga na wa Maskati walipelekeana habari kwa kanda. Mtu anakaa barazani, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anasalimia mmoja mmoja kwa jina, anaeleza mvua, mazao, nani kaoa na nani kafariki, kisha kanda inatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa msafiri. Babu alikuwa na redio ya milango miwili, basi kila alichokituma alikinakili kwanza kibaki nyumbani. Akarekodi na nasaba, kizazi baada ya kizazi mpaka Pangani, pamoja na habari za miaka aliyofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye unyevu wa bahari ukazipata zile kanda, zikaanza kuota ukungu. Kabla hazijaharibika kabisa fundi mmoja alizihamishia kwenye kompyuta bila kuibana sauti, kwa hiyo kila dakika ilichukua karibu MB 10, na kanda ya dakika 60 ikala kama MB 600. Kanda zenyewe hazipo tena. Kilichobaki, kama tulivyoamini, ni hayo mafaili, tena kwenye mashine moja ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi.

Mwaka 2025 mashine hiyo ilianza kutoa tangazo kwamba Windows 10, iliyotoka Julai 2015, itafika mwisho tarehe 14 Oktoba. Mama mkwe alipoambiwa hivyo aliuliza kama kompyuta itazimika siku hiyo. Mwanangu mkubwa, ambaye yuko chuo na alikuwa nyumbani likizo, alimweleza kwamba haitazimika. Itaendelea kuwaka kama kawaida, ila wenye Windows hawatatoa tena bure viraka vya usalama, na kila tundu litakalogunduliwa baada ya hapo litabaki wazi kwa wezi. Ulikuwepo muda wa nyongeza hadi Oktoba 2026 kwa watakaojiandikisha, lakini yeye aliona huko ni kuahirisha tu.

Kupanda kwenda Windows 11 hakukuwezekana. Prosesa ya mashine yetu ni ya kizazi cha nne cha Intel, cha mwaka 2013, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza 2017, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, ambayo yetu haina. Sioni haki katika jambo hili. Mashine nzima, isiyo na kasoro, inayoandika na kuchapisha kama ilivyofanya siku zote, inahesabiwa kuwa takataka kwa sababu ya tarehe iliyopangwa mbali sana na hapa. Na mashine za namna hiyo zimejaa katika shule zetu, zahanati zetu na maduka yetu ya stationari.

Mwanangu akapendekeza mfumo mwingine, Linux Mint. Ni ya bure, inaridhika na RAM ya GB 2 ingawa hupendelea 4, na toleo la 22 limeahidiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029. Baba watoto hakupendezwa. Yeye alitaka mashine ipelekwe kwa fundi mjini ipigwe windows nyingine, yaishe. “Mambo yetu yako D,” akasema. “Fundi akipiga windows anafuta C tu. Kitu kikiwa D hakipotei.”

Maneno hayo huyasikii kwa mume wangu peke yake. Nenda karibu kila mahali panapotengenezwa kompyuta, toka Mombasa hadi Mbeya, utaambiwa vivyo hivyo: vya muhimu weka D. Yana ukweli wake, maana fundi mwangalifu hufuta sehemu ya C, yenye mfumo, na kuiacha ya pili. Tatizo ni kwamba C na D mara nyingi ni vyumba viwili vya diski moja. Diski hiyo ikifa, vyumba vyote vimekufa pamoja. Isitoshe, programu ya kuweka Linux Mint, ikishakuuliza lugha na kibodi, inakupa chaguo la kufuta diski yote, na hapo haibagui C wala D. Kwa maoni yangu, fundi yeyote anayepokea mashine ya mtu akaanza kuifuta bila kumkalisha mwenyewe na kumuuliza vitu vyake viko wapi, hajatenda haki, hata kama kazi yake ni safi.

Mwishowe tulikubaliana kwamba chochote kitakachofanyika, kwanza vitu vyote vitolewe. Ilinunuliwa diski ya nje ya TB 1. Binti yangu mdogo alipoiona imeandika GB 931 alidhani tumeibiwa, lakini muuzaji alikuwa mkweli: kiwandani wanahesabu kwa elfu, na Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski ileile inasomeka kwa tarakimu mbili tofauti. Video ya harusi ya shemeji ilikuwa imewahi kugoma kuingia kwenye flashi, ingawa nafasi ilikuwepo, kwa sababu flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32 usiopokea faili moja linalozidi GB 4. Kwenye diski hii ikaingia. Mwanangu alikaa mchana kutwa anaburuta na kudondosha, akatumia bando la usiku kushusha Linux Mint, ambayo ni karibu GB 3, akaiweka kwenye flashi, na Ijumaa baada ya sala ya Isha akatangaza kwamba yuko tayari kufuta.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi.

“Mume wangu,” akamwita mjukuu wake, “umeshavitoa vyote?”

“Vyote, Bibi.”

“Na sauti ya babu yako?”

“Imo humu.” Akamwonyesha diski.

“Basi niisikie.”

Mwanangu akabofya, na sauti ya Babu ikatoka kwenye spika za kompyuta, na ule mkwaruzo wake wa kanda: *Assalaamu alaykum, mwanangu, hapa ni Tanga.* Sote tukaridhika. Baba watoto akainuka aende zake kulala. Mama mkwe hakuinuka.

“Hiyo inatoka kwenye kompyuta,” akasema. “Mimi nataka inayotoka kwenye hicho ulichokishika.”

“Bibi, ndiyo hiyohiyo. Nimeifungua kutoka kwenye diski.”

“Kichomoe, ukaweke kwenye runinga. Mtu akihama, hakabidhi funguo za nyumba ya zamani mpaka aone kitanda kimeshuka kwenye nyumba mpya.”

Mwanangu alichomoa, kwa kumridhisha bibi yake zaidi kuliko kwa kuona haja. Runinga ikaisoma diski. Picha za harusi zikatokea, kubwa na safi, mpaka watu wakaanza kutajana. Folda ya kanda ilipofunguliwa, runinga ikasema hamna kitu.

Kwanza tuliilaumu runinga, kwamba huenda haielewi aina ile ya faili la sauti. Binti yangu hakubishana na mtu. Alitoka, akarudi na laptopu ya jirani. Diski ikachomekwa. Majina yote yalikuwepo, yamepangwa kwa utaratibu: Kanda ya Kwanza A, Kanda ya Kwanza B, na kuendelea. Alipobofya la kwanza, laptopu ikajibu kwamba kitu kinachoelekezwa hakionekani. Akasogeza uso kwenye kioo.

“Kaka, hivi vimshale vya nini?”

Pembeni mwa kila ikoni, chini kushoto, palikuwa na mshale mdogo uliopinda. Akatazama ukubwa wa faili. Kanda nzima ya Babu, dakika 30 za upande mmoja, ilikuwa KB 2.

Zilikuwa shotikati. Yule fundi wa zamani alizihifadhi sauti zenyewe D, halafu akamwekea mama mkwe ikoni zake kwenye desktopu ili asihangaike kutafuta, na hizo ikoni ndizo mwanangu alizoburuta. Shotikati haibebi kitu. Inabeba anwani ya mahali kitu kilipo. Ndiyo maana ilipobofywa kwenye kompyuta yetu ilifunguka vizuri, maana ilikwenda palepale D ikaichukua sauti. Kwenye mashine nyingine anwani ile haina maana. Tungeendelea kuijaribu diski kwenye kompyuta ileile, ingetujibu vizuri mpaka dakika ya mwisho kabla ya kufutwa.

Hakuna aliyepaza sauti. Mwanangu alikaa kitako, mikono kichwani, kwa sababu alijua kuliko sisi sote ni chaguo gani alilokuwa anakwenda kulibonyeza. Mama mkwe alimwambia tu, “Anza upya, baba. Safari hii nitasikiliza zote.”

Alimaanisha zote. Mafaili yenyewe yalipatikana D, kwenye folda isiyo na jina la maana, yakaanza kunakiliwa taratibu, kwa kuwa diski ya mashine ni ya zamani, ile inayozunguka, na ilikuwa ikitoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuutilia maanani. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, mwanangu alitazama orodha akaona lile faili lililokuwa njiani lipo, jina lake limekamilika na ukubwa wake umetimia. Angeweza kuliruka akaendelea na linalofuata. Lakini lilipochezwa kwenye runinga, Babu alizungumza hadi mahali fulani, kisha pakawa kimya mpaka mwisho. Windows ilikuwa imelitengea faili nafasi yake yote kabla ya kumaliza kulijaza, na umeme haukungoja. Likafutwa, likanakiliwa tena.

Basi kila jioni baada ya chakula runinga yetu haikuonyesha tamthilia. Tulimsikiliza Babu. Watu wazima walikaa kwenye makochi, watoto kwenye mkeka, na majirani waliomjua wakawa wanaingia na kusema “hodi” kwa sauti ya chini. Katika kanda moja anasimulia alivyokuwa akikata mkonge, jinsi majani yanavyohesabiwa na kufungwa mafungu mafungu, na vile miiba ya ncha ilivyokuwa ikichoma watu. Nyuma ya maneno yake jogoo anawika. Mtoto analia, naye anakatiza hadithi kumbembeleza. Mtoto huyo ni baba watoto. Halafu inasikika sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, yenye haraka: “Chai yako inapoa.” Binti yangu akauliza huyo ni nani. Mama mkwe akasema, “Ni mimi,” akaomba irudishwe nyuma aisikie tena.

Nimewahi kusoma kuhusu kanuni ya kuhifadhi iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Ni kanuni nzuri. Ila kwa niliyoyaona sebuleni kwetu, naongeza kwamba kila nakala ifunguliwe mahali pengine, na mtu anayeipenda aisikilize mpaka mwisho. Mashine inahesabu majina na ukubwa. Haikuweza kutuambia kwamba Babu amenyamaza.

Kanda ya mwisho, ile ya nasaba, upande wa pili, ndiyo iliyotutoa jasho. Kila mwanangu alipojaribu kuinakili, kompyuta ilikwama, ikakwaruza, kisha ikatoa taarifa kwamba data haisomeki. Sehemu ya diski ilikuwa imeharibika, na ule mlio tuliouzoea ulikuwa na sababu. Mtu mwingine angeendelea kulazimisha. Yeye alizima mashine, kwa sababu diski inayokufa huzidi kuumia kila inaposumbuliwa. Akaiwasha kwa ile flashi ya Linux Mint, ambayo ina uzuri huu: inafanya kazi yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani mpaka wewe uiruhusu. Humo akashusha programu ya ddrescue. Hiyo inasoma kwanza sehemu nzima, inaandika ilikoshindwa, halafu inarudi polepole kwenye mabaya kuokota kinachookoteka. Sehemu kubwa ya upande ule ikapatikana. Yakabaki mapengo, na moja lilikuwa palepale Babu anapotaja watoto wa shangazi yake wa Pangani, majina ambayo mama mkwe mwenyewe alikuwa hayakumbuki yote.

Hapo ndipo alipomkumbuka wifi yangu. Zamani, kanda zilipohamishwa, yule fundi alichoma na CD, kila mtoto wa marehemu akapewa zake. Ya baba watoto ilishapotea. Ya shemeji wa Muheza ilikuwa imechubuka haisomeki. Wifi yuko Maskati, na alipopigiwa simu alisema zake zimo kwenye sanduku la dhahabu, ndani ya kitambaa, kwa sababu pale ndipo anapoweka vitu vya baba yake. Laptopu yake, kama nyingi za siku hizi, haina mlango wa CD, akalazimika kuazima kisomeo kwa jirani. Mwanangu alimwelekeza kwa simu, hatua kwa hatua, ainakili ile sauti bila kuibana, na asiitume kama ujumbe wa sauti bali kama hati, ili WhatsApp isiipunguze ubora. Kabla ya kutuma akaambiwa na mama yake aisikilize kwanza. Akaisikiliza akiwa bado yuko kwenye simu, na sisi huku tukawa tunasikia sauti ya Babu ikitoka Maskati, zilikokwenda kanda zake nyingi zamani, ikitaja yale majina moja baada ya jingine. Baba watoto aliyaandika nyuma ya kalenda.

Baada ya hayo hapakuwa na mtu aliyetaka neno “kufuta” litamkwe. Nafurahi kwamba mwanangu alikuwa na wazo bora. Ikanunuliwa diski mpya ya SSD, ndogo tu, ya GB 240, ile ya zamani ikachomolewa nyaya zake mbili na kutolewa nzima kama ilivyo, na Linux Mint ikawekwa kwenye mpya. Hakuna kilichofutwa mahali popote. Kuweka mfumo wenyewe hakuna la kusimulia: tulianza chai ikiwa jikoni, ikanyweka kompyuta ikiwa imeshawaka, na kasi yake iliwashangaza wote waliozoea kuiwasha kisha wakaenda kuoga.

Wanakikoba walikuwa na wasiwasi wao. Hesabu za hisa, mikopo na marejesho zilikuwa za Excel, na mwenyekiti hakutaka kusikia kwamba kuna mfumo mwingine. Zikafunguliwa kwenye LibreOffice mbele yake, safu kwa safu, jumla zikalingana na daftari la mama mkwe. Mama mkwe akauliza kama programu hiyo inajua Kiswahili. Mwanangu alimweleza kwamba mama yake LibreOffice, yaani OpenOffice, ilishatafsiriwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. “Watoto wetu waliifanya?” akauliza. Akaambiwa ndiyo, akamgeukia mwenyekiti kama mtu aliyekwisha shinda kesi.

Sasa sauti ya Babu iko sehemu nyingi. Iko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo kabatini, kwenye ile ya zamani iliyofungwa kwenye kanga, na Maskati. Diski nyingine imekwenda Muheza kwa shemeji, kwa amri ya mama yake. Kila mwaka, siku tunapomsomea Babu hitima, aje nayo, na baada ya watu kula ichomekwe kwenye runinga, kila mara ichaguliwe kanda tofauti isikilizwe hadi mwisho. Shemeji amekubali kwa sharti moja, apewe na picha zote za harusi yake, ikiwemo ile aliyosimama na marehemu mlangoni. Video imepatikana, na picha nyingi pia. Hiyo ya mlangoni bado mwanangu anaitafuta, anafungua folda moja baada ya nyingine, na kila jioni anapiga simu Muheza kuuliza marehemu alikuwa amevaa kanzu au koti.